Ana A ya haki za binadamu, na bado anauliza petroli iko wapi

Swali nimelipata kwa binti anayesoma LLB, shahada ya sheria, mwaka wa tatu, chuo tusikitaje. Nalifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Kwenye grupu letu la WhatsApp la darasa ilitupiwa video ya kijana aliyekamatwa na pikipiki ya wizi, wananchi wamemtandika hatari. Watu niliokaa nao lekcha moja ya haki za binadamu, wengine wana A kabisa, wakaandika 'safi sana, petroli iko wapi'. Nilipokumbushia kwamba mtu hana hatia mpaka mahakama iseme, nikaambiwa nimelishwa mambo ya wazungu. Sasa nauliza, hili somo linabadilisha mtazamo wa mtu kweli au tunasomea GPA tu? Nataka iwe mada ya tasnifu yangu ila msimamizi anasema mtazamo haupimiki. Naomba ushauri."

Marahaba mdogo wangu. Ntakujibu moja kwa moja alafu nifafanue maana jibu lenyewe ni refu. Somo peke yake, kwa namna linavyofundishwa vyuo vingi, linabadilisha msamiati wa mwanafunzi kuliko linavyobadilisha mtazamo wake. Kinachogusa mtazamo ni kupewa mtu mwenye shida yake, mwenye jina na faili, alafu ukawajibika kwake, hasa kama ni mtu ambaye kwa hiari yako usingemsaidia. Na ndio, inapimika, msimamizi wako asikukatishe tamaa, ila haipimiki kwa swali la "je unaunga mkono haki za binadamu" kwa sababu hapo hata yule wa petroli atajibu ndio.

Kwanza tuwatendee haki wenzako, hao wa petroli. Ukikaa nao vizuri utakuta mmoja kaka yake ni bodaboda ameshaporwa, mwingine mama yake kaibiwa mtaji wote sokoni na mwizi kaonekana mtaani baada ya siku mbili, na mtaani hamna anayeelezwa kwamba kaachiwa kwa dhamana na kesi bado inaendelea, wao wanachojua ni kwamba polisi wamekula hela. Kwaiyo hasira yao ina mizizi. Kwenye lile grupu walikuwa wanaongea kama watu walioibiwa, uanasheria wameuweka pembeni, na hapo ndo penye tatizo la elimu yetu, kwamba mtu anakuwa na vichwa viwili, kimoja cha chumba cha mtihani na kingine cha mtaani, na havikutani. Magazeti yetu yenyewe yametufundisha ule usemi wa "wananchi wenye hasira kali", mtu kauawa hadharani na waliomuua wanatajwa kama vile ni hali ya hewa.

Angalia mtihani wenyewe unavyouliza. Unaambiwa ujadili kwa kutumia kesi zilizoamuliwa. Mwanafunzi anashusha Daudi Pete ya 1991 kuhusu dhamana, anashusha Kukutia Ole Pumbun ya 1993 kuhusu kuomba ruhusa ya kuishtaki serikali, anashusha Mbushuu kuhusu adhabu ya kifo, anaweka na ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inayosema ni marufuku kumtendea mshtakiwa kama mwenye kosa mpaka ithibitike, anapata A yake halali. Hamna sehemu aliyoulizwa wewe ungefanya nini. Na mimi siungi mkono aulizwe kwa ajili ya maksi, maana ukianza kutoa maksi kwa mtazamo unatengeneza wanafiki, kila mtu ataandika anachojua mwalimu anakipenda. Kujua alama za barabarani hakujawahi kumzuia dereva wa daladala kuchomekea, na mtihani wa leseni haukutungwa kwa ajili hiyo.

Hii habari ya kubadilisha mtazamo wa mwanafunzi kwa somo la lazima sisi tuliijaribu zamani sana, na watu wamesahau. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu pale Dar es Salaam waliandamana na majoho yao mpaka Ikulu kupinga kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa lazima na kukatwa sehemu ya mshahara, mabango mengine yakasema afadhali ya ukoloni. Mwalimu Nyerere alichukia, akakata mshahara wake mwenyewe asilimia 20, na wanafunzi karibu 400 wakarudishwa makwao. Mwaka uliofuata, baada ya Azimio la Arusha, kukafanyika mkutano chuoni kujadili chuo kiwe na kazi gani kwenye nchi ya kijamaa, na kwenye mjadala huo ndo ikakua fikra ya kozi ya pamoja kwa wanafunzi wote, mpaka tukaja kupata Development Studies. Leo nenda kamuulize mwanafunzi yeyote DS ni nini, atakwambia ni somo la kutafutia madesa, yaani notsi za kurithishana, wiki moja kabla ya UE, mtihani wa mwisho wa semesta. Sisemi ni somo baya, kuna watu DS iliwafungua macho haswa, ila lile lengo la kumgeuza msomi awe mtu wa watu kwa kumkalisha lekcha, matokeo yake umeyaona mwenyewe kwenye grupu lenu. Kwaiyo mtu akikwambia tulifanye somo la haki za binadamu kuwa la lazima kila chuo na mambo yatanyooka, mkumbushe DS.

Sasa kuna kitu kingine ambacho ni cha shule za sheria peke yake, na hapa wenzetu wa Marekani wana utafiti mzuri. Kennon Sheldon na Lawrence Krieger walichapisha mwaka 2004 utafiti wa wanafunzi wa sheria kule Florida. Wanafunzi walipoingia walikuwa wazima kabisa, furaha yao na maadili yao hayana kasoro ukilinganisha na wanafunzi wengine, alafu ndani ya mwaka wa kwanza tu vikaanza kuporomoka, ile hamu ya kusaidia jamii ikapungua na hamu ya kuonekana ikapanda. Hamna aliyewafundisha ubinafsi darasani. Ni ule utaratibu wenyewe, unafundishwa kutetea upande wowote, unaambiwa hisia zako sio hoja, unapangwa kwa namba nani wa kwanza nani wa mwisho, baada ya muda unajifunza kwamba kuuliza "lakini hii ni haki?" ni swali la mtu wa mwaka wa kwanza. Mwaka 2007 wakarudi tena na utafiti wa kulinganisha shule mbili, wakakuta pale ambapo wanafunzi waliona walimu wanawasikiliza na kuwaachia nafasi ya kuamua mambo yao, kuporomoka kulikuwa kudogo, na hata mtihani wa uwakili walifanya vizuri zaidi. Hii ya mwisho iweke kwenye tasnifu yako kwa wino mzito kwa sababu hapa kwetu ukigusa habari ya kumheshimu mwanafunzi unaambiwa unataka kuwadekeza.

Najua Florida sio Dodoma. Mwanafunzi wetu ana bumu, yaani hela ya mkopo, linalochelewa, ana hofu ya kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, na mbele yake kuna Law School, shule anayopita anayetaka uwakili. Oktoba 2022 yalipotoka yale matokeo ya watu 26 tu kufaulu kati ya 633, serikali ikaunda mpaka kamati ya kina Mwakyembe, waziri wa zamani, kuchunguza, na tangu hapo mwanafunzi wa LLB hata wa mwaka wa kwanza anawaza kupasi. Ukimwambia njoo Jumamosi tukawasikilize watu wenye kesi za ardhi anakuuliza "mwalimu, ina maksi?" Simlaumu.

Hapo nimeongelea mtu asiyebadilika. Lakini kuna na anayebadilika vibaya, na huyu hazungumzwi kabisa. Ni yule aliyeingia mwaka wa kwanza anaamini, akamaliza mwaka wa nne hana imani na kitu chochote. Ukichunguza utakuta tumemharibu sisi wenyewe kwa kumfundisha kesi kama orodha ya ushindi. Tunamwambia mwaka 1990 Jaji Mwalusanya kule kwenye kesi ya Holaria Pastory alisema mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo sawa na mwanaume, darasa linapiga makofi. Hatumwambii kwamba wajane wawili walikwenda Mahakama Kuu kupinga sheria za kimila za urithi zilizoandikwa tangu 1963, mahakama mwaka 2006 ikakubali kabisa kwamba zinabagua, alafu ikakataa kuzifuta, mpaka wale wamama wakafika kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 ikawapa haki yao. Tunamwambia mwanaharakati Rebeca Gyumi alishinda 2016 kuhusu ndoa za watoto wa kike na Mahakama ya Rufani ikathibitisha 2019, serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha vile vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971. Mwanafunzi anatoka darasani anafungua simu anakuta mwaka umepita, na mwingine, na mwingine, vifungu viko palepale. Mwanasiasa Mtikila naye kashinda habari ya mgombea binafsi Mahakama Kuu miaka ya tisini, Bunge likabadilisha Katiba kumzuia, akarudi mahakamani 2006 akashinda, Rufani 2010 wakasema hilo ni la Bunge, akaenda Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu pale Arusha akashinda 2013. Na mgombea binafsi humwoni kwenye karatasi ya kura. Alafu Novemba 2019 Tanzania, nchi ambayo mahakama yenyewe imekaa ndani yake, ikaondoa ile ridhaa ya kuruhusu watu binafsi na asasi kuishtaki moja kwa moja hapo Arusha.

Sasa mwanafunzi anayegundua haya peke yake, usiku, kwenye simu, anajiona ametapeliwa na mwalimu. Ila ukiyafundisha darasani waziwazi, kwamba hukumu ni nusu ya safari na nusu ya pili ina majina mengine, Bunge, bajeti, wazee wa ukoo, mkuu wa kituo cha polisi, anatoka na kitu tofauti. Anaweza kukasirika lakini hasira yake ina anuani. Mimi kila kesi ninayofundisha nauliza: na baada ya hapo? Nani alitakiwa kufanya nini, kafanya? Swali hilo moja linaamsha darasa kuliko nukuu za majaji, japo nukuu za Mwalusanya nazo ni tamu, mzee alikuwa anaandika.

Kuhusu "mambo ya wazungu". Hii hoja usiijibu kwa jazba. Mjibu kwa historia. Mzungu aliyetutawala Tanganyika hakutuletea haki za binadamu, alituletea sheria ya 1921 ya kumhamisha mtu bila kesi akapelekwa mkoa mwingine akae huko. Tulipopata uhuru 1961 sisi wenyewe tulikataa kuweka orodha ya haki kwenye katiba, hoja ikiwa nchi changa inahitaji maendeleo sio mahakama za kuivuruga serikali, na 1962 tukatunga sheria ya kumweka mtu kizuizini bila mashtaka. Haki ziliingia kwenye Katiba mwaka 1984, na hata hapo serikali ikaomba muda wa kujipanga kwaiyo zikaanza kudaiwa mahakamani Machi 1988. Waliozipigania walikuwa Watanzania, kwenye mjadala wa katiba wa 1983, Wazanzibari wakiwa mstari wa mbele, na mawakili, na watu wa chuoni. Ule Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu ulipitishwa Nairobi mwaka 1981 na wakuu wa nchi za Afrika, na una mpaka sehemu ya wajibu wa mtu kwa familia na jamii yake, kitu ambacho mikataba ya Ulaya haina kwa namna hiyo. Mwambie mwenzako: aliyewekwa kizuizini 1970 na kitu bila kesi alikuwa Mtanzania, na mtoto wake aliyekuwa analia nyumbani alikuwa analia Kiswahili.

Kenya mwanafunzi wa sheria anaishi kwenye hewa nyingine kidogo. Katiba yao ya 2010 ibara ya 22 inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani hata kwa niaba ya wengine au kwa maslahi ya umma, na ibara ya 43 imeweka nyumba, afya, chakula na maji kama haki za kudai, ndo maana Januari 2021 Mahakama yao ya Juu kwenye kesi ya Mitu-Bell ikaongelea haki za watu waliobomolewa vibanda karibu na Wilson Airport. Sisi 2020 tulikwenda upande wa pili, sheria ya kudai haki ikarekebishwa, mlalamikaji akatakiwa aape jinsi jambo lilivyomgusa yeye binafsi. Mwanafunzi anaona. Huwezi kutenganisha mtazamo wa darasani na kinachotokea nje ya geti, kwaiyo kama tasnifu yako itakuta wanafunzi wamekata tamaa usikimbilie kuandika kwamba hawajaelimishwa vya kutosha, inawezekana wameelimika vizuri tu.

Basi kinachobadilisha ni nini. Nimesema mtu na faili lake. Pale Dar es Salaam kitivo cha sheria kina kamati ya msaada wa kisheria tangu miaka ya sitini mwishoni, na vyuo vingi siku hizi vina kliniki ya sheria ya namna fulani, alafu tuna field, yaani mafunzo kwa vitendo, tuna Wiki ya Sheria kila mwaka kati ya Januari na Februari, tuna wasaidizi wa kisheria waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Nafasi zipo. Nimeshaona kijana ambaye semina nzima alikuwa anasimamia kwamba mtuhumiwa wa ubakaji asipewe wakili, huyo huyo kaenda field kwenye mahakama ya wilaya, kazi yake ni kukaa nyuma na kuandika. Mahabusu mmoja analetwa, upelelezi haujakamilika, anarudishwa. Wiki mbili, analetwa, upelelezi haujakamilika. Kijana akaomba kusoma hati ya mashtaka, akakuta tarehe ya tukio iliyoandikwa ni siku ambayo yule mzee alikuwa tayari yuko ndani kwa kesi nyingine. Alirudi chuoni hajawa mtetezi wa wabakaji, wala hajaanza kuvaa fulana zenye maandishi. Alibadilika kitu kimoja tu, sasa mtu akisema "amekamatwa" yeye anauliza hati inasemaje. Kwangu hayo ni mabadiliko makubwa ya mtazamo kuliko insha kumi.

Lakini tahadhari, kliniki nayo inaweza kumharibu mtu. Mteja anadanganya. Mama analia kwamba kadhulumiwa kiwanja, unahangaika naye mwezi, mwisho unakuta kiwanja aliuza mwenyewe mara mbili. Mwanafunzi asipokuwa na mtu wa kukaa naye baada ya hapo wakaliongelea, anatoka na funzo la kwamba watu wote ni waongo, anakuwa mgumu kuliko alivyoingia. Kwaiyo kikao cha baada ya kazi ni muhimu kama kazi yenyewe, na vyuo vingi hapo ndo wanaporuka kwa sababu mwalimu ana wanafunzi mia tatu na hana muda.

Kitu cha pili ni namna chuo kinavyomtendea mwanafunzi. Azimio la Umoja wa Mataifa la Desemba 2011 kuhusu elimu ya haki za binadamu linataja mambo matatu: elimu kuhusu haki, elimu kupitia haki, na elimu kwa ajili ya haki. Ya kwanza tunaijua, ndo madesa. Ya pili ndo inayotushinda, maana yake ufundishe kwa njia inayoheshimu haki za anayefundishwa. Sasa mwanafunzi maksi zake za koswek, yaani kazi za ndani ya semesta, zimepotea, anazungushwa ofisi tano, hamna anayemsikiliza, alafu saa nane mchana anaingia lekcha ya haki ya kusikilizwa. Mwalimu anamtukana mwenzake mbele ya darasa kwa kukosea jina la kesi, dakika kumi baadaye anaeleza ibara inayokataza kumtweza na kumdhalilisha mtu. Wanafunzi sio wajinga, wanajua ipi ni ya mtihani na ipi ni ya maisha. Tena chuo ni mahali rahisi sana pa kuanzia, kamati ya nidhamu ikimpa mwanafunzi barua ya tuhuma mapema, ikampa muda wa kujiandaa, ikamsikiliza, ikampa sababu za uamuzi kwa maandishi, wale marafiki zake wote wamejifunza kitu bila lekcha.

Darasani kwenyewe ukitaka zoezi, chukua Mbushuu. Jaji Mwalusanya 1994 alisema adhabu ya kifo ni ya kikatili na ni kinyume cha Katiba. Mahakama ya Rufani 1995 ikakubali ni ya kikatili na inadhalilisha, ila ikasema Katiba inairuhusu kwa maslahi ya umma. Piga kura ya siri darasa zima kabla ya kusoma. Alafu gawa darasa, waliotaka kunyonga waandike hoja za kukataa, waliokataa waandike hoja za kunyonga. Piga kura tena. Alafu wape na ile ya Ally Rajabu, Mahakama ya Afrika Novemba 2019, iliyosema tatizo ni adhabu ya kifo kuwa ya lazima bila kumwachia jaji nafasi ya kupima. Utashangaa, wengi hawabadilishi upande, ila wanahama kutoka "anyongwe" kwenda "anyongwe kama", na hiyo "kama" ndo kazi ya mwanasheria. Vilevile kwenye dhamana, Mei 2020 Mahakama Kuu kwenye kesi ya Dickson Sanga ikasema kuyanyima makosa fulani dhamana moja kwa moja ni kinyume cha Katiba, Agosti mwaka huohuo Rufani ikapindua. Wape hukumu zote mbili, usiwaambie wewe uko upande gani mpaka wamalize.

Sasa tasnifu yako. Andika kisa kifupi, mfano: kijana wa miaka 19 amekutwa na simu tatu zisizo zake, amekaa kituoni siku sita bila kufikishwa mahakamani, siku ya tano amekiri. Tengeneza toleo la pili kila kitu kilekile ila sasa huyo kijana ni mtoto wa mchungaji. Gawa matoleo kwa bahati nasibu, nusu ya darasa wapate la kwanza nusu la pili, na wasijue kama kuna matoleo mawili. Maswali kwa wote ni yaleyale, kwa alama ya moja hadi tano: maelezo yake ya kukiri yapokelewe? apewe dhamana? wewe ungekubali kumwakilisha bila malipo? askari waliomuweka siku sita wachukuliwe hatua? Ile tofauti kati ya makundi mawili ndo mtazamo wenyewe umekaa uchi, msimamizi wako atanyamaza. Ongeza kisa cha mtu anayechukiwa zaidi, mtuhumiwa wa kumdhuru mtoto au wa mauaji ya mtu mwenye ualbino, kwa sababu haki ya mtu unayempenda haimpimi mtu yeyote.

Weka na maswali machache ya ujuzi tu, ibara gani inasema nini, ili uone kama anayejua zaidi ndo anayeheshimu zaidi. Mimi nahisi uhusiano utakuwa mdogo lakini usiandike nilichohisi, andika utakachokuta. Wape mwanzo wa semesta na mwisho wa semesta watu walewale. Ukilinganisha mwaka wa kwanza na mwaka wa nne kwa siku moja utapotea, maana kuna waliodisko njiani na wale wa mwaka wa nne waliingia nchi ikiwa na hali nyingine. Majina usichukue, wape namba ya siri wanayoweza kuikumbuka wenyewe, kwa mfano mwezi wa kuzaliwa na tarakimu mbili za mwisho za simu ya mama, ndo utaunganisha dodoso la mwanzo na la mwisho. Anayefundisha somo asigawe dodoso, tafadhali sana, wala asiwepo chumbani. Na usitume linki kwenye grupu ukasema nisaidieni jamani, watakujibu marafiki zako na wanaopenda haki za binadamu, wa petroli hawatafungua. Nenda darasani na karatasi.

Kama utawalinganisha walioenda kliniki na ambao hawakwenda, kumbuka walioenda walijipeleka wenyewe, pengine walishakuwa na huruma tangu kwao. Dodoso la mwanzo litakuonyesha walianzia wapi, na bado usiandike "kliniki imesababisha", andika walibadilika kiasi gani kulinganisha na wenzao. Alafu chagua watu kumi uongee nao kwa kirefu, watano kati yao wawe wale wa petroli, na ukiongea nao usiwahukumu, waulize lini mara ya mwisho wao au ndugu zao waliripoti wizi polisi na nini kilitokea. Hapo utapata sura nzima ya tasnifu ambayo hujaipanga.

Kibali cha utafiti omba mapema maana kinachelewa kuliko bumu. Ukishaandika vile visa viwili nitumie kabla hujachapa, hasa lile toleo la mtoto wa mchungaji, nataka kuona kama umebadilisha kitu kimoja tu au umebadilisha vitatu bila kujua.